Mdomo Uliosema Ndiyo

Somo Barke alimmwagia mwari maji ya moto begani, na mwari akatabasamu.

Maji yalikuwa yamezidi moto. Barke aliyahisi mwenyewe yalipomrukia mkononi, akaitupa kata ndani ya ndoo. "Masikini mimi, nimekuunguza! Mwanangu, mbona hukupiga kelele?"

Bega la Shufaa lilikuwa limeanza kuvimba. Macho yake yalijaa machozi. Lakini mdomo, ule mdomo mpya mnene uliong'aa kama umepakwa samli, ulikuwa ukifunguka taratibu kama wa mtu aliyeletewa zawadi.

"Imeuma, somo," alisema huku anatabasamu. "Imeuma sana."

Barke alikaribia kucheka. Mtu akikwambia ameumia na huku anatabasamu hivyo, utamfanyaje? Kicheko kilimfika kooni, akakimeza, na pale pale akaingiwa na hofu. Akachukua kitambaa, akakilowesha maji baridi ya tangini, akakiweka begani kwa Shufaa na kukishikilia.

Walikuwa katika chumba cha ndani, nyumbani kwa Hemedi bin Kombo, katika mji wa Pwani ya Juu. Mji huo uko mlimani, bahari haionekani, na maji yake hukingwa kwa nyavu kubwa zinazokamua ukungu. Jina walilipa watu wenyewe walipohamishwa, bahari ilipokwisha kumeza mitaa yao kule chini. Walipanda na majina yao, na mbuzi zao za kukunia nazi, na mbegu za minazi ambayo huku kwenye baridi huzaa nazi ndogo kama ngumi ya mtoto. Walipanda pia na desturi ya kumweka mwari ndani kabla ya harusi, asingwe mwili kwa liwa ya msandali, afukizwe udi, awe na mwanamke mzima mmoja wa kumfunza na kumsikiliza. Huyo ndiye somo. Barke aliianza kazi hiyo wakiwa bado chini. Mumewe, Salumu, alifariki mara tu walipofika mlimani, na tangu hapo usomo na sala zake ndivyo vilivyomshika mkono asianguke. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa mtu wa kutazama.

Na alikuwa ametazama. Juzi Shufaa alipaliwa na chai, akakohoa mpaka macho yakamtoka, na mdomo ukitabasamu. Jana mchana alisinzia mkekani, akaota ndoto mbaya, akawa anatapatapa, na mdomo ukatabasamu peke yake kama taa iliyosahauliwa kuzimwa.

Ilikuwa ni ile asali. Jina lake la kiwandani lilikuwa refu na gumu kutamka, basi watu wakaiita asali, kwa rangi yake na kwa vile fundi huivuta sindanoni polepole, inanata. Ilipoingia mjini mara ya kwanza ilikuwa ya kujaza tu. Ilijaza kweli, lakini mdomo uliojaa ulikuwa mzito kupanda. Mtu akichekeshwa, mdomo wa juu ulibaki pale pale kama mto wa kiti, meno hayaonekani, tabasamu likaishia njiani kwenye mashavu. Mji mzima ukawa na wanawake wazuri wanaoonekana wamenuna. Ndipo viwanda vikatia nyuzi ndani ya asali, nyembamba kushinda utando wa buibui, na nyuzi hizo zinajifunza. Fundi humwambia mteja, fikiria kitu kizuri, tabasamu, rudia, rudia tena, mpaka apate lile tabasamu bora, kisha hulifunga. Tangu hapo, mdomo ukitikiswa na jambo lolote, nyuzi hulivuta lile lile.

Walimwambia Barke naye atie kidogo tu, pembeni, makunyanzi yapungue. Alikataa. "Salumu aliujua mdomo huu," aliwajibu. "Nikifika huko alikotangulia nataka anitambue, asije akanipita njiani."

Sasa alimgeuza Shufaa, akaanza kumpaka liwa mgongoni, mbali na pale palipoungua.

"Somo. Nikikwambia kitu, kitatoka humu ndani?"

"Humu hakijatoka kitu tangu nimekuwa somo."

Shufaa akageuka. Alikuwa anatabasamu tabasamu tamu kiasi kwamba ungedhani anataka kusimulia kichekesho. "Simtaki Badru."

Barke alimtazama, akaona hawezi kuyashika maneno yale. Yalikuwa yakiteleza juu ya ule mdomo kama maji juu ya jani la yungi. Akafumba macho.

"Sema tena."

"Mbona umefumba macho, somo?"

"Nimefumba ili nikusikie. Sema."

"Simtaki." Sauti, ikiwa peke yake, ilikuwa kavu na inatetemeka. "Hana ubaya. Mtu mzuri, anasali, anachapa kazi kule kwenye nyavu. Lakini moyo wangu haukumkubali. Akinikaribia natamani nirudi nyuma, na mdomo unamwita aje."

"Ulimwambia baba?"

"Nilimwambia! Siku ile walipokuja kuposa, baba aliniuliza kama sheria inavyotaka. Nikamtazama, mdomo ukatabasamu, wakasema alhamdulillah, karidhia. Nikasema, baba, sitaki. Wakacheka wote. Shangazi akasema, huyu naye, hata kukataa anakataa kwa maringo! Nikamwandikia mama. Mama akaja mbio chumbani kunitazama, akanikuta natabasamu. Akanipiga kikofi cha mapenzi, akasema, mwanangu wewe, unanitania mpaka siku hizi?" Akavuta pumzi. "Nikilia wanasema ni machozi ya furaha. Basi nimechoka, somo. Nimechoka kusema."

Barke aliendelea kufumba macho, mkono wake uliojaa liwa umekaa juu ya mgongo wa msichana. Alisikia moyo ule unavyodunda. Akamshukuru Mungu, kimya kimya, kwamba ameuhisi mapema.

*

Nje ya chumba nyumba ilikuwa kama kichuguu. Wanawake walikaa uani wakimenya vitunguu saumu, sufuria za pilau zimekwisha kupandishwa, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Raya, mama yake Shufaa, alimdaka Barke mlangoni. Naye alikuwa na asali. Alitiwa siku moja na bintiye, zawadi kutoka kwa upande wa mume, kwani siku hizi asali hutangulizwa hata kabla ya siku ya posa, mbele ya kanga na manukato.

"Da Barke! Umemwona mwanangu anavyong'ara? Kila nikichungulia anatabasamu. Mwari wa jirani hapa alilia mpaka akavimba, mpambaji hakujua aanzie wapi. Wangu, wala! Mungu kanipendelea."

"Mwari kulia si vibaya, Raya."

"Alie nini? Kapata mume, kapata heri." Raya akamshika mikono yote miwili. "Unajua Hemedi hajawahi kuwa hivi? Tangu mama yake aliposombwa na maji kule chini, mume wangu alikuwa akishukuru kwa ulimi tu. Leo ameamka kabla ya adhana. Nimemsikia anasema, Mola wangu, kumbe ulinibakizia. Anarudia hayo tu. Ulinibakizia."

Barke alisema amina. Akaenda kutawadha, akasali rakaa mbili kwenye pembe ya ukumbi, akabaki juu ya mswala.

Angeweza kusimama, akamwita Hemedi faraghani, akamwambia, binti yako hataki. Angemwamini. Barke hakuwa mtu wa kusema ovyo na mji mzima ulijua. Lakini chumba kile ndicho mahali pekee ambapo msichana huweza kusema lililo moyoni na lisitoke. Leo litoke la Shufaa, japo kwa wema, na kesho mwari gani atamfumbulia somo wake kinywa? Neno likitoka mara moja, mlango ule umefungwa, na wasichana wa mji huu, pamoja na nyuso zao zilizofungwa na mafundi, hawatabaki na pa kusemea.

Basi anyamaze? Shetani alimjia kwa sauti laini ya busara. Wangapi waliolewa bila mapenzi na mapenzi yakaja? Wewe mwenyewe, Barke, ulimpenda Salumu siku ya kwanza? La, hakumpenda. Alimwona ana masikio makubwa. Lakini aliulizwa, akatafuna ncha ya kanga yake, akafikiri, akaridhia. Na kwa kuwa aliridhia, kila jema lililofuata lilikuwa lake, na kila chungu alikibeba bila kumlaumu mtu. Alimshukuru Mungu zaidi kwa ule muda mfupi wa kutafuna kanga kuliko kwa harusi yenyewe. Mtoto huyu alikuwa amenyang'anywa muda ule.

Akakunja mswala. Neno la Shufaa halikuwa lake kulitoa. Lakini mdomo ulikuwa wa Shufaa mwenyewe.

*

"Unataka nini?" alimwuliza aliporudi ndani. Alifumba macho tena. "Usiniambie usichotaka. Hicho nimekisikia."

Shufaa alifikiri. "Nataka wanisikie. Hata kama baada ya hapo watanikasirikia."

"Asali hii inatoka?"

"Fundi Kudra anayo dawa ya kuiyeyusha. Lakini leo? Watu wamejaa uani, somo!"

"Mimi sikuambii fanya wala usifanye. Nakuuliza tu kama inatoka."

Ile sauti kavu ikajibu: "Mwite."

Kudra alikuwa fundi wa midomo, na angekuja hata hivyo, kwani siku ya harusi fundi huja kukagua kazi yake. Aliingia na mkoba wake, anatafuna ubani, amejifunga ushungi wa rangi ya machungwa.

"Shikamoo, bibi. Bibi harusi wangu mambo? Hebu nione. Ah! Nikifa leo, kazi yangu hii hapa."

"Marahaba," Barke alisema. "Kudra, mwenzio anataka kuyeyusha."

Kudra akaacha kutafuna. Alimtazama Shufaa, Shufaa akatabasamu vizuri sana, na Kudra akaangua kicheko. "Mmenipata! Loo, moyo umenishuka mpaka miguuni."

"Hatukutanii."

"Bibi, si huyu hapa anacheka?"

"Fumba macho," Barke alimwambia.

"Nifumbe macho?"

"Fumba, mwanangu. Shufaa, mwambie."

Kudra akafumba, kwa kuwa aliambiwa na mtu mzima. Shufaa akamwambia. Hakumweleza kuhusu Badru. Alisema tu: "Nataka mdomo wangu, da Kudra. Naulilia kila siku, na hakuna anayeniona nikilia."

Fundi aliposikia sauti ile alifumbua macho haraka, akatazama uso, akafumba tena, akafumbua. Alifanya hivyo kama mtu anayejaribu swichi ya taa. Kisha akakaa kitako mkekani.

"Nilifundishwa kwamba nyuzi zinasaidia," alisema polepole. "Ukianza kutabasamu zinakusaidia kufika. Ndivyo tulivyoambiwa. Zinasoma msuli unapotikisika. Sasa msuli wa mdomo hutikisika mtu akicheka, hutikisika pia akitaka kulia, akiumia, akikasirika. Uzi utajuaje? Uzi unajua kuvuta tu." Akajipangusa paji la uso. "Hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Wote walikuja wanatabasamu."

Hakuna aliyecheka.

"Lakini sikilizeni. Hii ni zawadi ya mama mkwe. Na asali ikitoka ngozi inabaki imelegea, wiki nzima au zaidi, mpaka ijirudi. Shoga yangu, utakuwa na midomo kama soksi. Siku ya harusi yako. Kamera zote zile."

"Kama soksi ni sawa," Shufaa alisema.

"Bibi, na wewe unakubali? Mji huu hawatakuita tena kumweka mwari ndani. Watasema Barke kaharibu bibi harusi."

Barke alikuwa amekwisha kulifikiria hilo kwenye mswala, na lilikuwa limemwuma. "Aliyenilisha mpaka leo hajabadilika," alisema. "Toa sindano yako."

Kazi ilikuwa ndogo kuliko hofu yao. Kudra alichoma kwenye pembe nne za mdomo, dawa nyembamba kama maji, kisha akakanda kwa vidole viwili. Alieleza huku akikanda, labda kwa kujituliza: asali ndiyo inayozilisha nyuzi joto, ikiyeyuka nazo hufa, mwili huzimeza zenyewe. Mdomo ulianza kupungua. Ulishuka kwanza upande mmoja, ukawa umepinda, kisha upande wa pili ukaufuata. Mng'ao ukaenda. Makunyanzi madogo yakajitokeza, ngozi ikalegea, na ndani ya ile ngozi iliyolegea ukaanza kutikisika mdomo wa msichana, mwembamba, wa kawaida kabisa.

Kudra akarudi nyuma. Mdomo ule ulitetemeka, ukakunjika, pembe zake zikashuka chini. Sauti ikaja, na safari hii sauti na uso vilikuwa kitu kimoja. Shufaa alikuwa analia kama watu wanavyolia.

"Ya Rabi," Kudra alinong'ona. "Mimi ndiye niliyemfungia."

Barke alimkumbatia msichana, liwa ikaipaka nguo yake ya sherehe, hakujali. Alikuwa anasema alhamdulillah, alhamdulillah, kama mtu anayempokea mtoto mchanga.

*

Raya aliingia na kanga mpya mkononi, akaona.

"Nani kamharibu mwanangu?" Sauti yake ilipasuka, lakini mdomo ulichanua vizuri. "Kudra! Umefanya nini? Da Barke, nilikuachia mwanangu!"

"Hajaharibika, Raya."

"Hajaharibika? Mtazame!"

"Mtazame wewe," Barke alisema.

Lakini hapakuwa na nafasi ya kutazama. Hodi ilipigwa ukumbini. Hemedi alikuwa amefika mlangoni pamoja na Sheikh Mbaruku, mwozeshaji, na mashahidi wawili, kuchukua idhini ya mwari kabla ya ndoa kufungwa msikitini baada ya alasiri. Pazia la mlango lilikuwa limeteremshwa. Raya alimfunika Shufaa kanga kichwani, Kudra akajibanza kwenye pembe.

"Shufaa, mwanangu," Hemedi alisema nje ya pazia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejaa mpaka juu. "Badru bin Shaibu amekuja kukuoa. Nakuuliza kwa mara nyingine, mbele ya mashahidi hawa. Umeridhia?"

Shufaa akafungua kinywa, na hakuna kilichotoka. Alizoea maneno yake kuchekwa. Alitazama pazia, akasikia pumzi ya baba yake nyuma yake, pumzi ya mtu mwenye furaha.

Kimya kikazidi. Barke alijua kimya kile kinakokwenda. Mwari akinyamaza ameridhia, ndivyo masheikh walivyosoma, kwa kumwonea huruma mtoto wa kike na haya zake. Alimsikia Sheikh Mbaruku akikohoa kidogo, tayari kulisema hilo. Neno lilimjaa Barke kinywani, zito, la moto. Angelisema, jambo lote lingekwisha pale pale.

Hakulisema. Alisimama, akalishika pazia, akalivuta lote mpaka mwisho wa waya.

Hemedi aliinua macho. Alikuwa amejiandaa kuliona lile tabasamu. Aliona uso wa binti yake umelowa, mdomo umekunjamana, umelegea, pembe zimeshuka chini kabisa.

"Sitaki, baba," Shufaa alisema.

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa mashahidi aliinamisha kichwa. Ukungu ulikuwa ukidondoka kwenye bati, matone yakasikika.

"Ulishaniambia," Hemedi alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nikacheka."

"Ulicheka, baba."

Akakaa pale pale kizingitini na kanzu yake nyeupe. Shufaa alidhani amemwua kwa aibu. Akatambaa mpaka karibu yake. "Nisamehe. Najua umeshukuru sana. Sikutaka nikuondolee shukrani yako."

Mzee akaunyoosha mkono, akaugusa ule mdomo kwa kidole kama mtu anayegusa kovu. "Mama yangu alikuwa akilia hivi hivi," alisema. "Upande huu wa kushoto ulikuwa unatangulia. Niliusahau." Akaanza kulia na yeye. "Mwanangu, nilikuwa naenda kumshukuru Mungu kwa dhuluma. Amenishika mkono mlangoni. Alhamdulillah. Kauli yako imefika leo, haikufika kesho."

Sheikh Mbaruku aliufunga mkoba wake. "Hapa hakuna ndoa," alisema, bila ukali. Alisimama kidogo, mkono juu ya kifungo cha mkoba. "Nimewafungisha wangapi kwa kuambiwa tu kwamba mwari anatabasamu, tangu asali iingie mjini humu?"

Alikuwa anajiuliza mwenyewe, na hakungoja jibu. Alitoka kuwaeleza wanaume.

Badru alikuja mwenyewe. Wajomba zake walikuwa wanapandisha sauti uani, zawadi zetu, heshima yetu, na yeye akawapita, akasimama kwenye ukumbi mbali na mlango, mahali panapostahili. Alikuwa kijana mrefu, mikono ina makovu ya nyavu. Mdomo wake haukuwa na asali, na kila mtu aliona unavyopigana.

"Sikuja kubembeleza," alisema. "Nataka kuuliza kitu kimoja. Siku ile ya posa ulinitabasamia. Nimeishi na tabasamu lile. Nikiwa juu ya mlingoti wa nyavu, upepo unataka kunitupa, nalikumbuka, nasema nina mtu. Lilikuwa la nani?"

Shufaa alimjibu kwa ukweli, kwani alimheshimu. "Da Kudra aliniambia nifikirie kitu kizuri. Nikamfikiria paka wetu alipotumbukia kwenye beseni la unga, akatoka mweupe, akajiona kwenye kioo akakimbia."

Kitu kikamtikisa Badru mabega, hakikujulikana ni nini mpaka kilipotoka: kicheko kifupi, chenye maumivu ndani yake, lakini kicheko. "Basi mimi nimependwa na paka."

"Nisamehe, kaka Badru."

"Hapana. Nashukuru." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ningekuja kuwa mume wako. Ungelia, ningekuona unacheka. Ningekuudhi, ningedhani nimekufurahisha, mpaka tunazeeka nisijue. Nashukuru umeniepusha." Akamgeukia Hemedi. "Baba, pilau limekwisha kuiva. Waambieni watu wale. Na mimi nitakula. Nina njaa tangu asubuhi."

*

Wakala. Hemedi alisimama uani, akawatangazia wageni kwamba ndoa haipo na kwamba hii ni karamu ya shukrani, atakayeweza kushukuru pamoja naye ajongee, asiyeweza Mungu amfikishe salama kwake. Wajomba wawili waliondoka. Wengine wote walikaa. Harufu ya pilau ina nguvu zake.

Ndani, Barke alimletea Shufaa sahani. Mdomo uliolegea haukujua bado kushika wali, punje zikamwangukia kifuani, na msichana akala kama mtu aliyetoka kwenye homa. Kudra alikuwa amekwenda zake na mkoba wake, hakuaga.

Raya hakuwa amesema neno tangu pazia lifunguliwe. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga mpya bado mapajani, uso umewaelekea, anatabasamu.

Shufaa aliweka sahani chini. "Mama. Umekasirika?"

Tabasamu lile lile.

"Mama, unacheka au unalia?"

Raya aliinua mkono mpaka kwenye mdomo wake, akaupapasa kwa vidole, pembe hii, na pembe hii, kama anayetafuta kitu gizani.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Wallahi sijui."

Shufaa akafumba macho, akasogea, akaweka sikio lake kifuani kwa mama yake na kusikiliza. Barke alisimama, anatazama. Baada ya muda Raya aligeuza shingo.

"Da Barke," alisema. "Kudra amefika mbali?"

"Hajafika mbali," Barke alisema, akajifunga kanga yake kichwani, akatoka kwenda kumwita.